Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Taarifa ya fedha ataisoma mhazini. Mimi nitasema juu ya kazi iliyotuchukulia sehemu kubwa ya mwaka: viashiria vya kupimia utafiti wetu wa utekelezaji, yaani wa kuangalia kama huduma inatolewa inavyotakiwa.

Kazi hii ilianzia kijiji kimoja cha wilaya ya Kongwa, Dodoma, siku ya kugawa dawa za trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza. Kama mjuavyo, azithromycin katika ugawaji wa jamii hupimwa kwa kimo: mtoto anasimamishwa kwenye fimbo yenye alama, na alama ndiyo inayosema apewe kiasi gani. Fimbo ya mhudumu yule ilikuwa imefutika alama zote za chini, zile za watoto wadogo. Akawa anakadiria kwa macho. Hakuwa mzembe hata kidogo. Aliomba fimbo nyingine tangu mgao uliotangulia, hakuletewa. Jioni rejista ilijaa alama za vema nyumba kwa nyumba, na kwa kiashiria chetu cha zamani, yaani waliopata dawa, kijiji kile kilifanya vizuri sana.

Niliumia, kwa sababu kiashiria kile tulikiweka sisi.

Ndipo kamati ikarudi kwenye mambo manane yaliyopendekezwa na mtafiti Enola Proctor na wenzake mwaka 2011 ya kupimia utekelezaji: huduma kukubalika, kuanza kutumika, kufaa mahali pake, kuwezekana, kufuatwa ilivyopangwa, gharama yake, kuenea na kudumu. Wao wanayatenganisha haya na afya ya mgonjwa mwenyewe. Sisi tunajua lengo la trakoma: watoto wa mwaka 1 hadi 9 wenye dalili za uambukizo wawe chini ya asilimia 5. Lakini wakizidi hapo, je, dawa imeshindwa, au haikutolewa inavyotakiwa? Bila kupima utekelezaji hatuwezi kujibu.

Tulibishana zaidi kuhusu kunawa uso, njia nyingine ya kuzuia trakoma. Ukimuuliza mama kama amemnawisha mtoto, atakujibu ndiyo. Nani atakiri kwa mgeni mwenye karatasi? Tumekubaliana tuutazame uso wenyewe: una tongotongo, una makamasi? Na papo hapo tuandike maji yanatoka wapi na ni mwendo wa muda gani. Mwezi wa Septemba, visima vikishakauka, ndoo moja inapikia, inanyweshea na kuogeshea. Kumhesabia mama huyo kosa la kutofuata ushauri ni kumwonea.

Kuhusu kudumu kwa huduma, bado tuko nyuma. Huwa tunaondoka fedha za mradi zikiisha. Napendekeza kila utafiti utenge tangu mwanzo nauli ya kurudi baada ya mwaka mmoja, hata kama ni ya mtu mmoja tu.

Fomu ya majaribio mmeipata. Kila mwanachama aijaribu kwenye zahanati iliyo karibu naye, pamoja na muuguzi anayeijaza rejista kila siku, na maswali ambayo muuguzi huyo atasema hayajibiki ayakate kwa kalamu nyekundu kabla ya kuirudisha kwa katibu.