Mwanangu, ndoo imwagwe

Mwanangu mpendwa,

Natumaini hamjambo nyote, wewe, mkeo na huyo mtundu wetu. Sisi huku wazima. Baba yako anakohoa kidogo, ila anatembea na anakula.

Juzi uliponipigia ulicheka, nami nikacheka pamoja nawe. Simu ilipokatika nikabaki nimekaa kitandani, na hadi alfajiri sikupata lepe la usingizi. Ulisema uliingia bafuni ukamkuta mtoto ameinamia ndoo anaosha kiatu chako, mikono imezama mpaka mabegani, nywele za mbele zimelowa. Wewe uliona kituko. Mimi nimekwama kwenye hizo nywele. Kama nywele zilishafika majini, pua ilikuwa wapi?

Maji ya ndoo yamwage, mwanangu. Ukimaliza kudeki, mwaga. Ukimaliza kufua, mwaga, na ndoo ilale imepinduliwa. Kama ni lazima mweke maji ya akiba, yawe kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, na mlango wa bafu ufungwe. Kichwa cha mtoto wa umri wake ni kizito mno kwa mwili wake. Akiinama akapitiliza, miguu inanyanyuka, na mikono yake haina nguvu za kumrudisha. Maji ya kina cha sentimita 5 yanatosha. Na hapigi kelele, hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Watu hungoja wasikie kilio au mshindo wa maji, kumbe mtoto anakufa maji kimya kimya, kwa dakika chache, na mkubwa yuko chumba cha pili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofika miaka 5. Nilipoisoma hesabu hiyo niliiweka simu chini.

Usidhani nakulaumu kwa kukaa naye. Kila Jumamosi na Jumapili mkeo yuko kazini, na wewe unashinda na mtoto wa miaka 2 na miezi 3, unamwogesha, unamlisha, unamtembeza. Baba yako hakuwahi kushinda peke yake na yeyote kati yenu hata nusu siku. Nilipomsomea ujumbe wako wa matembezi yenu ya Jumapili alinyamaza, halafu akaomba nimsomee tena. Ile sehemu ya mwendo wa dakika 10 uliochukua saa nzima, kwa sababu kila siafu alisimamishwa akaamkiwa na kila jiwe likaokotwa likaingia mfukoni mwako, niliisoma mara tatu. Ulifanya vizuri kutomharakisha. Mtoto hana safari, ana njia tu. Ukitaka kufika mahali kwa wakati, toka mapema, au umbebe na uvumilie mateke.

Ila mawe akaguliwe kabla hayajafika mdomoni. Kitu chochote kidogo, kigumu na cha mviringo kinaweza kumziba koo. Na rimoti yenu ile ndogo ina betri bapa kama kifungo cha shati. Ukiona kifuniko chake kimelegea, kibane kwa utepe wa gundi leo hii. Betri ile ikikwama kooni huanza kuunguza nyama ya ndani, na saa 2 tu zinatosha kuleta jeraha baya. Ukishuku kameza, usingoje atapike wala usimchunguze chooni, mpeleke hospitali saa ile ile.

Kuhusu kujitupa chini pale kwenye ngazi, alipotaka kupanda mwenyewe mara ya nne. Uliniambia uliona haya, watu wanaangalia. Waache waangalie. Anayoyataka ni mengi, maneno aliyonayo ni machache, na akili ya kujizuia bado haijakomaa. Wakati ule hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini, kwa hiyo usimhubirie. Chuchumaa karibu, hakikisha hajigongi, ngoja. Nyumbani mpe uchaguzi wa vitu viwili: shati hili au lile, kuoga sasa au baada ya kupanga matofali yake. Usimuulize kama anataka kuoga, atakujibu hataki, na utakuwa umeyataka mwenyewe. Usimpige. Wewe ulipigwa, na wote wawili tunajua nani alikuwa anapiga. Mkono ule ulikuwa umechoka, lakini uchovu haukuletwa na mtoto.

Na alale mchana. Kwa umri wake wanasema saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Angalia mwenyewe, visa vyako vyote vya Jumamosi vinatokea baada ya saa nane, siku ambayo hakulala. Kumwekea katuni mpaka asinzie si dawa. Kwa mtoto wa miaka 2 picha za skrini zisizidi saa 1 kwa siku, na ikiwa chini ya hapo ni bora zaidi.

Sasa hili nitalisema mara moja. Ulisema uliingia bafuni kwa kuwa "palikuwa kimya". Kabla ya hapo ulikuwa unajibu ujumbe. Nani huyo ambaye hangeweza kungoja? Ukiwa naye karibu na maji, simu ikae chumbani. Mtu akigonga mlango na mtoto yuko kwenye beseni, mbebe akiwa amelowa hivyo hivyo uende naye mlangoni. Usimwache hata kwa kufumba na kufumbua. Usimwache kwa sababu mgeni ana haraka.

Utajiuliza kwa nini mama amelishupalia hili la ndoo. Shangazi yako anajua. Yeye ndiye aliyekutoa siku hiyo, ulikuwa hujatimiza miaka 2. Mimi nilikuwa mlangoni naongea na mtu, na mazungumzo yenyewe leo siyakumbuki hata neno. Ulitapika maji, ukalia, na jioni ulikuwa unakimbia kama hakuna kilichotokea. Baba yako hakuambiwa. Ukija huku usilitaje mbele yake, nitamwambia mwenyewe nikipata namna.

Mengine. Paa linavuja tena upande wa chumba chako, fundi amekuja mara mbili na bado. Vitabu vyako nimevihamishia kwetu, viko salama, ila lile sanduku la karatasi lililowa na nimelazimika kutupa madaftari ya juu. Kabati ulilotuachia mguu mmoja umelegea, likifunguliwa linainama. Nimekumbuka la kwenu lile refu: limefungwa ukutani? Huyo wako anavuta droo na kuzigeuza ngazi. Lifungeni kwa skrubu, ni kazi ya nusu saa.

Mkeo alisema mtoto hapati tena usingizi bila yule mdoli wa kitambaa. Sikio lake lililonyofoka nitalishona ukinitumia, au shona wewe, mshono wako si mbaya. Kile kifungo ulichomshonea kwenye koti nilikiona kwenye picha, kimekaa vizuri, na nilimwonyesha jirani.

Komeo la mlango wa bafu liwekwe juu, mkono wake usikofika hata akipanda kigoda. Kigoda chenyewe kitoeni humo. Nipigie Jumamosi akishalala mchana, unionyeshe hiyo ndoo iko wapi.

Mama yako