Kwa wanangu wa kamati: fungueni makala, msome

Wanangu mnaokaa kwenye kamati za kupandisha vyeo wahadhiri wa kompyuta,

Asalaam aleykum. Mimi nimestaafu, magoti yamechoka na ngazi za kumbi za mihadhara, na nilikusudia kukaa barazani Mji wa Kale na kahawa yangu, niwaache mfanye kazi. Lakini juzi mliniita niwe mtathmini wa nje, na niliyoyaona yamenikosesha usingizi. Chuo sikitaji. Wenyewe mwajijua.

Mezani palikuwa na mafaili sita, sahani ya mahamri na kikokotoo. Siku ile aliyefanya kazi ni kikokotoo. Faili la kwanza lilikuwa nene kama tofali: makala kumi na tisa kwa miaka miwili, nyingi zikiwa katika jarida moja linalopokea makala Jumatatu na kuitoa Ijumaa, bora ulipe. Nilifungua mbili kwenye simu, chini ya meza kama mtoto wa shule. Aya zilikuwa zile zile, vichwa ndivyo vilivyobadilishwa. Mkajumlisha, mtu akapanda.

Likaja faili la binti mmoja. Jembamba. Makala mbili za kongamano, na programu inayosoma hati zetu za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu na kuzigeuza ziwe herufi za kirumi. Nyinyi mliozaliwa Mvita mnajua ugumu wake. Kiarabu kina irabu fupi tatu, sisi tuna tano. Herufi ya be, mwandishi wa zamani aliitumia kwa b, kwa p, hata kwa mb. Neno moja kwenye barua ya babu yako laweza kuwa baba, laweza kuwa papa wa baharini, na programu lazima iangalie maneno ya jirani ndipo iamue. Yule binti alikaa miaka minne na jambo hilo.

Mjumbe mmoja, niliyemfundisha mwenyewe, akauliza: "Hii programu iko kwenye jarida gani?"

Haiko kwenye jarida, mwanangu. Iko kwenye kompyuta za watu wanaosoma wasia za mababu zao. Mkaandika sifuri. Na zile makala mbili mkazipa alama za mtu aliyekwenda kula chai ya semina.

Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira haijaniisha. Mtu wa biolojia akienda kongamanoni aghalabu hupeleka muhtasari, kazi yenyewe ikasubiri jarida. Sawa, huo ni utaratibu wao. Kwenye kompyuta unapeleka makala kamili, wanaisoma wakaguzi watatu au zaidi, na kwenye makongamano makubwa nyingi zinarudishwa. Larry Page na Sergey Brin waliwasilisha kazi yao ya Google kwenye kongamano, Brisbane, 1998. Makala ya 2017 iliyoleta muundo ulio chini ya hizi roboti za kuandika, zile ambazo wanafunzi wenu wanazitumia kuwadanganya, nayo ni ya kongamano. Kwa kikokotoo chenu, wote hao bado ni wahadhiri wasaidizi. Na hata wakaguzi wa kongamano hukosea: mwaka 1991, Texas, makala ya Tim Berners-Lee kuhusu Wavuti ilikataliwa, akaruhusiwa kuja kuonyesha tu inavyofanya kazi. Walioiona ikifanya kazi ndio walioelewa.

Haya si maneno ya mzee aliyeishiwa na kazi. Computing Research Association, jumuiya ya idara za kompyuta za Amerika Kaskazini, ilishaandika mwaka 1999 kwamba kwenye fani hii kongamano lina heshima yake na programu ni usomi pia. Mwaka 2015 wakarudi tena: msihesabu, mtahiniwa achague makala zake tatu hadi tano zilizo bora, nanyi mzisome. Tatu hadi tano! Kikao chenu kilitumia muda mrefu zaidi kuulizana kama mahamri yana iliki.

Najua mtanijibu: mwongozo. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ilitoa vigezo vya pamoja vya kupandisha vyeo mwaka 2014, vikiwa na alama zake, nanyi mmezishikilia. Nakubali. Ila mwongozo haujamkataza mtu kusoma.

Mengine nayataja tu. Kwenye nadharia ya kompyuta majina ya waandishi wa makala aghalabu hupangwa kwa alfabeti, kwa hiyo msimwadhibu mtu kwa kuwa jina lake linaanza na W. Kipimo cha h cha Hirsch, kinachohesabu makala za mtu na mara zilivyotajwa na wenzake, kilibuniwa na mwanafizikia huyo mwaka 2005, na hakilinganishi fani na fani. Barua za watathmini wa nje ziombwe kwa watu wanaoijua kazi, si marafiki wa mkuu wa idara. Aliyefundisha darasa la wanafunzi mia tatu peke yake, ulizeni angeandika saa ngapi.

Na sisi wengine huku nje tusijitoe. Tumeufanya uprofesa kuwa pambo la kadi ya harusi. Babu akiulizwa mjukuu wake ametengeneza nini, hajui, lakini cheo anakijua. Kijana anayeona hivyo atanunua makala, mnamshangaa nini?

Binti alinipigia simu wiki iliyopita. Hakulia. Aliniuliza tu kama agawanye kazi yake vipande sita ili vitoshe. Nilinyamaza muda mrefu, kwa sababu jibu la kumsaidia apande na jibu la kweli halikuwa moja. Mtoto wa watu, nikamwambia angoje kwanza.

Kikao chenu kinachofuata ni baada ya Idi, na nimeambiwa faili lake linarudi. Nitakuja. Nitabeba laptopu yake na barua ya babu yangu ya biashara ya mikoko, ambayo nyumbani hakuna aliyewahi kuimaliza kuisoma. Nyinyi leteni miwani.