Mfumo wa ghala ujaribiwe kwenye seva mbili

Ndugu Mhariri,

Minada ya korosho ikianza Oktoba, mfumo wa kupokea mizigo ghalani ukizima hakuna wa kusubiri: magunia yako mlangoni na mkulima anataka stakabadhi yake. Naviomba vyama vya msingi vya Mtwara na Lindi vinavyoandikiwa mifumo kwa lugha ya programu ya Java viongeze sharti moja kwenye mkataba. Kabla ya malipo ya mwisho, faili ileile ya WAR, inayobeba mfumo mzima, iwashwe kwenye seva (programu zinazoendesha mifumo ya aina hii) za watengenezaji wawili tofauti, tuseme WildFly na Payara, bila msimbo kuguswa. Chama kikihama seva baadaye, kisilazimike kumrudia fundi yuleyule kwa bei atakayo.

Jambo la kwanza kukaguliwa ni kanzidata. Java EE 7, toleo la mwaka 2013 la kanuni zinazofuatwa na seva za Java, ilileta jina java:comp/DefaultDataSource ambalo mfumo hulitumia kuifikia kanzidata, na linafanya kazi kwenye seva zote zinazofuata kanuni hizo. Jina ni zuri. Hatari ni kuliacha lielekee lilikoelekezwa tangu kiwandani. Kwenye WildFly isiyorekebishwa linafika kwenye H2, kanzidata ndogo inayokaa ndani ya RAM, kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Majedwali yakiwa yanajiunda yenyewe, karani atapima na kusajili bila kuona kosa lolote, kisha umeme ukatike na uzito wote upotee. Kila seva irekebishwe ili jina hilo lielekee PostgreSQL ya chama, kanzidata inayohifadhi kwenye diski.

Panaponasa wengi zaidi ni hapa. Kusoma kanzidata, kwa kawaida Payara hutumia maktaba ya EclipseLink, WildFly hutumia Hibernate. Ukiwa na mkulima ambaye orodha ya mizigo yake imewekwa isubiri hadi itakapohitajika, EclipseLink kwa kawaida huichota hata muamala (kipindi cha kazi na kanzidata) ukishafungwa. Hibernate hukataa na kutupa kosa la LazyInitializationException. Ukurasa uliokuwa ukifunguka jana unakufa leo, na fundi anailaumu seva. Seva haina kosa: orodha ichotwe kwa agizo la JOIN FETCH, linalomleta mkulima pamoja na mizigo yake, muamala ukiwa bado wazi, na pande zote mbili zitakubali.

Msimbo wa zamani una kikwazo chake. Tangu Jakarta EE 9 ya mwaka 2020 (Jakarta EE ndilo jina jipya la Java EE), vifurushi vya javax.servlet na javax.persistence vimekuwa jakarta.servlet na jakarta.persistence, na WildFly 27 na zinazofuata hazitambui majina ya kale. Lakini usibadilishe kila neno javax kwa mkupuo mmoja: javax.sql na javax.naming ni mali ya Java yenyewe, na ukizigusa msimbo hautakusanyika, yaani hautageuka kuwa programu.

Kwenye Maven, zana ya kuunda faili hiyo, maktaba za Jakarta ziwekwe alama ya provided, yaani seva inazo tayari, zisibebwe ndani ya WAR. Nyuzi, yaani kazi zinazoendeshwa sambamba, zianzishwe kwa ManagedExecutorService inayosimamiwa na seva.

Siku ya majaribio, kwenye kila seva, karani apokee mzigo na kutoa stakabadhi. Seva izimwe, iwashwe tena, kisha aitafute stakabadhi hiyo kwa namba yake mbele ya wajumbe wa bodi.

Mwandishi wa mifumo,
Masasi, Mtwara