Barua kwa vijana wa programu wa Mtwara na Lindi: semeni mnachofikiri

Wanangu,

Salaam nyingi. Baadhi yenu mmeniomba niandike kuhusu usaili wa kazi za uhandisi wa programu, maana safari hii mmeomba wengi: wengine serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira, wengine kwenye kampuni za Dar es Salaam, na wachache kwa kampuni za nje zinazomwajiri mtu akafanya kazi akiwa nyumbani kwake. Nawaandikia wote barua moja kwa sababu ninaloliona ni moja. Kabla ya kustaafu na kurudi hapa Shangani nilifanya kazi kwenye kitengo cha TEHAMA, na kwa miaka mingi nilikaa upande wa wanaouliza. Nimewaona vijana wa kusini wakiingia chumbani. Wengi walikuwa wanajua kazi. Waliikosa kwa sababu walinyamaza.

Kijana anapewa swali, anainamia karatasi, dakika 10 zinapita hajafungua mdomo. Wasaili wanatazamana. Hawajui kama amekwama, kama amefika nusu, au kama hakulielewa swali tangu mwanzo. Mwishowe anatoa jibu, na pengine ni sahihi, lakini fomu ya alama ina sehemu ya namna anavyochambua tatizo, anavyouliza, anavyojikagua, na sehemu hizo zimebaki tupu. Anaingia mwingine. Huyu hamalizi, ila kila hatua ameisema, ameeleza amekwama wapi na kwa nini, na alipopewa dokezo alilichukua akasonga nalo. Mara nyingi nimempigia kura huyo wa pili.

Najua kimya hicho kimetoka wapi, maana sisi ndio tuliowalea nacho. Mtoto mwenye adabu hasemi mbele ya wakubwa mpaka aulizwe, na akiulizwa hujibu kwa ufupi. Sisemi myatupe malezi hayo. Ni mazuri na yatawafaa maisha yote. Lakini wahenga waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu hawakuwa wanamzungumzia mtu aliyepewa dakika 45 na mgeni asiyemjua. Msaili hawezi kuusubiri mshindo. Adabu ya mahali pale ni kumwezesha aone unachofikiri.

Tuchukue swali tulifanye. Una orodha ya uzito wa magunia ya korosho ghalani. Tafuta magunia mawili ambayo uzito wake kwa pamoja ni kilo 160. Kwa maneno tofauti, swali hili linaulizwa sehemu nyingi sana duniani. Msikimbilie kibodi. Ulizeni kwanza. Uzito ni namba kamili au una desimali? (Hili si dogo: kwenye lugha nyingi za programu, 0.1 ukijumlisha na 0.2 hupati 0.3 kamili, kwa hiyo kulinganisha jumla zenye desimali kunahitaji uangalifu.) Orodha imepangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, au imechanganyika? Jozi ikikosekana nirudishe nini? Msaili mara nyingi ameyaacha mambo hayo makusudi ili aone nani atayauliza.

Halafu semeni njia ya kwanza inayowajia, hata kama ni nzito: nitachukua kila gunia nililinganishe na yaliyobaki yote. Msione haya kuitaja, ila tajeni na gharama yake. Magunia 1,000 yana jozi 499,500. Yakifika 100,000, jozi zinakaribia bilioni 5. Hapo ndipo mnaposema: naweza kupita mara moja tu. Nikifika kwenye gunia la kilo 78, ninachotaka kujua ni kama nimeshapita la kilo 82. Nikiwa nimeyaweka niliyoyapita kwenye jedwali la hashi, yaani mpangilio wa data unaokuonyesha upesi kama kitu kimo au hakimo, kuulizia humo kwa kawaida hakuchukui muda zaidi hata orodha ikiongezeka. Nimetumia kumbukumbu zaidi ili kupunguza muda. Na kama orodha ilikuwa imepangwa, jedwali lenyewe halihitajiki: alama moja iwe mwanzo, nyingine mwisho; jumla ikizidi unarudisha ya mwisho, ikipungua unasogeza ya mwanzo.

Kisha ujaribuni msimbo wenu (code) kwa mkono kabla hamjaambiwa. Orodha tupu. Magunia mawili ya kilo 80. Gunia moja tu la kilo 80: hili huwaangusha wengi, kwa sababu aliyejaza jedwali zima kwanza ndipo akaanza kutafuta, msimbo wake utalioanisha gunia na lenyewe. Na msidhani kujikagua ni kwa wanaoanza. Mwaka 2006 Joshua Bloch, aliyeandika utafutaji wa kugawa nusu kwa nusu (unaangalia katikati ya orodha iliyopangwa, unaacha nusu isiyohusika, unarudia) uliomo kwenye lugha ya programu ya Java, alieleza hadharani kwamba msimbo wake ulikuwa na hitilafu iliyokaa takriban miaka 9 bila kugunduliwa. Ili kupata katikati, ulijumlisha nafasi ya mwanzo na ya mwisho kisha ukagawa kwa 2. Orodha ikiwa kubwa sana, jumla ile inavuka 2,147,483,647, ambacho ndicho kikomo cha namba kamili ya biti 32, na inageuka kuwa hasi. Dawa yake ni kuchukua mwanzo, ukaongeza nusu ya tofauti. Mkiiandika hivyo mbele ya msaili, mwambieni na sababu.

Sasa, namna mnavyojiandaa. Ninachokiona ni kila mmoja na simu yake, maswali ya LeetCode, ile tovuti ya mazoezi ya programu, mtindo mmoja, majibu yakikaririwa. Kukariri kunawasaidia mpaka swali libadilishwe kidogo, nalo hubadilishwa. Punguzeni idadi ya maswali. Kaeni watatu watatu: mmoja anauliza, mmoja anasimama ubaoni, wa tatu anaandika tu alichokisikia. Ubao na chaki vinatosha; siku umeme umekatika mazoezi hayaahirishwi. Dakika 45, bila kuendesha msimbo kwenye kompyuta. Mwisho wa tatu anasoma alichokiandika, na karatasi yake ikiwa na mistari mitatu, aliyesimama ajue kwamba hakusema. Mara ya kwanza fanyeni kwa Kiswahili mpaka wazo likae sawa, kisha lirudieni swali lilelile kwa Kiingereza, kwa sababu usaili mwingi utakuwa kwa lugha hiyo na mdomo unahitaji kuzoea. Sentensi fupi zinatosha. Hakuna kampuni ya maana inayowapima kwa lafudhi.

Mabinti, nanyi nina neno lenu. Kwenye vikundi vyenye wavulana wengi mnaachiwa kuandika kumbukumbu huku wenzenu wakisimama ubaoni. Kataeni. Zamu iwe zamu.

Kwa walioomba serikalini: usaili huko kwa kawaida huanza na mchujo wa kuandika, kisha vitendo kwa kada zinazohitaji, kisha mahojiano. Someni tangazo la kuitwa kwenye usaili neno kwa neno. Vyeti halisi vinatakiwa, hati za matokeo hazipokelewi badala yake, na kama majina yako hayafanani kwenye nyaraka shughulikia hati ya kubadili jina mapema. Inauma kumwona mtu amesafiri kutoka Newala na kurudishwa mlangoni kwa herufi moja ya jina.

Kampuni zinazotafuta wenye uzoefu kidogo huuliza pia swali la kusanifu mfumo, na hapa watoto wa Mtwara mna mtaji ambao wenzenu hawana. Tuseme umeulizwa: sanifu mfumo wa kuwalipa wakulima 20,000 baada ya mnada wa korosho. Mnajua mnada wa stakabadhi ghalani unavyokwenda: mkulima anapeleka korosho ghalani, zinauzwa kwa mnada, naye analipwa baadaye. Mnajua mkulima wa Tandahimba yuko mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka. Basi semeni hivyo! Ombi la malipo limetumwa, jibu halijarudi. Je, pesa zimekwenda au hazijaenda? Mfumo ukituma tena kwa kubahatisha, mkulima mmoja atalipwa mara mbili na chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, kitabaki na shimo. Kila malipo yapewe namba yake ya kipekee kabla hayajatumwa, na upande unaopokea uitunze namba hiyo. Ikija mara ya pili, urudishe jibu la mwanzo bila kulipa upya. Mtu aliyekumbuka Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikasuasua nchi kadhaa za Afrika Mashariki, hatasanifu mfumo unaodhani mtandao upo daima. Elezeni pia mtakachokiacha: kama orodha ya malipo inaweza kungoja saa moja kwenye foleni bila madhara, semeni hivyo, wala msirundike seva nyingi ili mwonekane wakubwa.

Kuna sehemu moja ambayo kimya chetu huvaa sura nyingine. Mnaulizwa: tueleze kazi ngumu uliyoifanya. Jibu linakuja: tulitengeneza, tulijaribu, tulifanikiwa. Ni unyenyekevu, naujua, nami ndivyo nilivyolelewa. Lakini msaili anamwajiri mmoja. Semeni hali ilikuwaje, ninyi mlikabidhiwa nini, mlifanya nini kwa mikono yenu, na kilibadilika nini. Ukisema, "Wenzangu walitengeneza kurasa, mimi niliandika sehemu ya kanzidata, ripoti iliyochukua dakika nzima ikawa inatoka kwa sekunde mbili," umempa kila mtu haki yake na hujaringa. Uongo usiingie hapo. Mkitaja kitu kwenye wasifu, tegemeeni kuulizwa mpaka chini yake.

Wale wa kampuni za nje, angalieni saa. Barua pepe ikisema 10:00 bila kutaja ni ya wapi, ulizeni siku hiyohiyo. Sisi tuko saa 3 mbele ya saa ya dunia (UTC), mwaka mzima. London husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo tofauti yetu nao ni saa 2 majira yao ya joto na saa 3 majira ya baridi. Saa 10:00 yao mwezi Januari ni saa saba mchana kwetu. Mwezi Julai ni saa sita. Andikeni kwa saa zetu kwenye karatasi, ibandikeni ukutani. Kompyuta ijazwe chaji usiku, bando la pili liwe kwenye laini ya mtandao mwingine, na namba ya simu ya msaili iwe mkononi ili umeme ukikatika umwambie mara moja. Kukatikiwa hakumharibii mtu usaili. Kupotea bila neno ndiko kunakoharibu.

Mishahara tutaizungumza ana kwa ana, kwa kuwa kila mmoja hali yake ni tofauti. Ila asikubali mtu kiasi alichotajiwa kwenye simu papo hapo. Kuomba siku mbili za kufikiri ni jambo la kawaida, na ofa ya kweli haifutwi kwa hilo.

Kuanzia wiki ijayo nitakuwa nyumbani kila Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi, na ubao nimeshauweka barazani. Njooni watatu watatu, kila kundi na swali ambalo hamjalifanya. Nitakuwa msaili.

Mama yenu,
Shangani, Mtwara