Somo yangu, tutaizunguka Acadia kwa basi

Portland, Maine
28 Agosti

Somo yangu mpenzi,

Assalam aleikum. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, na pana sehemu moja imenitia unyonge. Umesema ukija tukae hapahapa Portland tupige gumzo, maana mimi siendeshi gari, wewe nawe huthubutu kushika usukani huku wanakopita kulia, na Marekani bila gari mtu hafiki popote. Kwingi huku ni hivyo, sikatai. Lakini pana pahali pamoja ambapo mwenye gari ndiye anayetaabika, na huko ndiko nataka kukupeleka. Nilikuwa huko na Mama wiki mbili zilizopita.

Panaitwa Acadia. Ni hifadhi ya taifa iliyo ufukweni, na sehemu yake kubwa imo kwenye kisiwa cha Mount Desert, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka hapa. Jirani yetu, Mkongo wa Uvira mwenye Kiswahili chake kitamu cha kule, alitupeleka siku yake ya mapumziko akatushusha Bar Harbor, mji mdogo ulio mlangoni pa hifadhi. Tangu hapo hadi alipokuja kutuchukua siku ya tatu, hatukupanda gari la mtu. Tulipanda basi.

Mabasi yenyewe yako namna mbili, na ni vizuri ujue mapema ili tupange. Kuna yale yaitwayo Island Explorer, ambayo ni ya bure. Bure kabisa, somo: unapanda, unakaa, hakuna wa kukudai nauli. Yalianza 1999, yanatumia gesi ya propani, na mengi hukutana kwenye uwanja wa nyasi katikati ya Bar Harbor kama matatu zinavyokutana steji. Moja laenda Sand Beach ufukweni, jingine Jordan Pond penye ziwa, mengine yanazunguka vijiji vya upande wa pili wa kisiwa. Pasipo kituo unainua mkono, na dereva akiona pana usalama anasimama. Mama alipoona hivyo alicheka, akasema kumbe na hawa wanajua mambo. Kiingilio cha hifadhi peke yake ndicho tutakacholipa. Halafu kuna basi la watalii la kulipia, lenye dereva anayesimulia njia nzima, saa mbili na nusu hivi au tatu, likisimama hapa na pale watu washuke wapige picha.

Tulianza na hilo la kulipia, kwa sababu ya mlima Cadillac. Basi la bure halipandi huko juu. Na mwenye gari lake, tangu 2021, hapandi mpaka awe amenunua nafasi kwenye intaneti kwa siku na saa maalumu, kuanzia mwishoni mwa Mei hadi mwishoni mwa Oktoba. Wengi hufika wakakuta nafasi zimekwisha. Basi la watalii hupanda na watu wake bila wao kuhangaika na hayo.

Kilele kina mita 466, na hakuna mlima mrefu zaidi kando ya bahari ya Atlantiki katika pwani yote ya Marekani. Mfaransa Champlain alipopita na chombo chake 1604 aliona vilele vitupu visivyo na miti, akakiita kisiwa cha milima mitupu, na jina likabaki: ndiyo hiyo Mount Desert. Ni kweli ni mitupu. Unakanyaga jiwe la waridi, pana kama sakafu ya msikiti. Lakini siku yetu ukungu ulishuka tukawa hatuoni hata basi tulilotoka. Wenzetu walirudi vitini upesi. Mama yeye aliinama kando ya njia, akakuta vitunda vya buluu vya mwituni, na dereva akamwambia kuchuma kwa mkono ule hapohapo kunaruhusiwa. Akala, akanipa na mimi kiganjani. Vilikuwa vidogo kama punje za mbaazi, vimelowa umande. "Zambarau," akasema, "zambarau za watoto." Ulimi wake ulikuwa wa buluu mpaka jioni.

Utasikia watu wakisema juu ya mlima huo ndipo jua la Marekani linapoanza kuonekana. Ni kweli kuanzia Oktoba 7 hadi Machi 6 tu. Kwa hiyo usije ukanidai niamke usiku wa manane mwezi wa tisa.

Tukishuka, dereva alituonyesha mahali ambapo msitu unabadilika ghafla: huku misonobari mizito ya kijani, huku miti ya gome jeupe na majani mepesi. Akaeleza kwamba Oktoba 1947, baada ya ukame mrefu, moto uliteketeza zaidi ya ekari 17,000 kisiwani, na majumba ya matajiri yaliyokuwa kando ya bahari yakaenda na moto. Misonobari ilipoungua, jua lilifika chini, na ile miti ya majani mapana ikaota. Hiyo ndiyo inayogeuka manjano na nyekundu kila Oktoba, na watu huja kutoka mbali kuitazama. Ningekuwa nimeshika usukani nisingeiona, ningekuwa natazama kona.

Siku ya pili tukachukua basi la bure hadi Sand Beach, na hapa nataka nikueleze taratibu. Barabara yenyewe inazunguka hifadhi kilomita 43 hivi, na sehemu hiyo ni ya kwenda upande mmoja tu. Kabla hatujafika, magari yalikuwa yameegeshwa msururu mzima kwenye njia ya kulia, watu wanashuka na viti na watoto na mabegi, wanatembea juani hadi kwenye mchanga. Sisi basi lilitushusha palepale. Mama akashuka ngazi za mawe moja moja, mkono mmoja kwenye bega langu. Unajua magoti yake. Unajua pia kwamba tangu alipotoka Mombasa hajawahi kukanyaga maji ya chumvi. Miaka minne Portland na bahari anaiona dirishani tu, maana bandarini hapa kumejaa gati na maghala.

Akavua viatu. Akachota mchanga akausugua baina ya vidole, akauleta karibu na jicho. Ni mchanga wa magamba, somo, vipande vya kome na vya viumbe vingine vya baharini vilivyosagwa na mawimbi, si ule laini wa kwetu. Kisha akaingia mpaka vifundoni na kupiga yowe. Maji ya pale hata kiangazi hayapiti nyuzi 13 ila kwa nadra. Nilimwambia atoke. Hakutoka. Alisimama ameshika kanga yake juu ya magoti, anatazama mbali, na midomo inacheza; nadhani alikuwa anasoma dua. Mbali kidogo yalielea maboya ya mitego ya kambakoche, mengine mekundu na meupe, mengine manjano na kijani, kila mvuvi na rangi zake. Nilipomweleza ni mitego alisema, "Kumbe madema." Mjomba wake alikuwa akitega madema Mtwapa, na yeye alikuwa akifuatana naye kabla hajavunja ungo. Sijapata kumsikia akisimulia habari hizo tangu baba afariki.

Akaniuliza maji yanajaa au yanapwa. Kabla sijatoa simu alikwisha kujibu mwenyewe kwa kutazama mwani kwenye mwamba: yanajaa. Na hapo pana jambo utakalolipenda, kwa sababu mbele kidogo, kituo kinachofuata, pana ufa mwembamba ndani ya mwamba uitwao Thunder Hole. Maji yakijaa, kama saa moja au mbili kabla hayajafika mwisho, wimbi linaingia, linabana hewa pangoni, na hewa inatoka kwa kishindo kama ngurumo ya radi. Ukifika maji yakiwa yamepwa utasikia mgugumio tu. Tukapanda basi lililofuata kwa wakati wa Mama, si wa simu, na tukakuta ngurumo. Alisema ni kama ukikaa kule ufukweni Mama Ngina, Mombasa, maji yakipiga chini ya matumbawe, amekosekana wa mihogo na pilipili tu.

Jordan Pond nitakuachia ujionee. Ni ziwa la maji matamu chini ya vilima viwili vya mviringo, na watu huketi kwenye nyasi wakinywa chai na mikate iitwayo popover, desturi iliyoanza karne ya 19. Mkate umevimba, nje mkavu, ndani mtupu kama mahamri. Mama alivunja wake, akachungulia ndani, akanusa, akaniuliza iliki wamesahau au hawaijui. Kisha akala miwili. Tulisali adhuhuri hapohapo pembeni, hakuna aliyetusumbua.

Kutoka pale zinaanza zile njia za mawe yaliyopondwa alizojenga tajiri John D. Rockefeller Jr. kati ya 1913 na 1940, ili watu wa farasi na wa miguu wapite bila kukutana na motokaa. Ndani ya hifadhi zipo za kilomita 72 hivi, na hadi leo gari haliingii. Wewe na miguu yako utazifaidi, mimi nitakungoja na Mama kwenye nyasi.

Sasa sikiliza, hili ndilo muhimu. Mabasi ya bure huanza Juni 23 na kukoma Jumatatu ya pili ya Oktoba. Baada ya hapo sisi wawili hatuna cha kupanda. Majani yanapamba moto katikati ya Oktoba, kwa hiyo ukifika wiki ya mwisho ya Septemba na tukaenda siku za mwanzo za Oktoba, tutayaona yameanza kugeuka na mabasi yatakuwepo bado, ingawa hayatakuwa mengi kama ya kiangazi. Asubuhi tutatoka mapema, kwa maana alasiri kila mtu anarudi mjini kwa pamoja na foleni inakuwa ndefu. Kuna pia fungu la mchanga pale Bar Harbor ambalo maji yakipwa unalivuka kwa miguu hadi kisiwa cha Bar Island, saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa na saa moja na nusu baadaye. Mama amekwisha kusema hilo atatuongoza yeye.

Niandikie upesi tarehe ya tiketi nizungumze na jirani. Chukua sweta zito na viatu vya kufunga, upepo wa bahari ya huku si kaskazi. Na Mama anasema ukija umletee iliki ya sokoni Marikiti, nzima, isiyosagwa, atakwenda nayo Jordan Pond.

Nisalimie nyumba nzima, na watoto uwabusu mmoja mmoja.

Somo yako akupendaye