Kabla hujakata dirisha kwenye boti la kuokolea maisha

Karibu kila anayetuletea boti la kuokolea maisha hapa karakana ili ligeuzwe nyumba huja na mchoro wa dirisha. Wengine huja na dirisha lenyewe, limeviringishwa blanketi nyuma ya gari. Tunawaelewa. Ukiingia ndani ya boti hilo mara ya kwanza na mlango ukafungwa nyuma yako, giza na harufu ya dizeli ya miaka mingi hukufanya utamani mwanga kuliko kitu kingine chochote. Hata hivyo, kwetu dirisha ni kazi ya nne. Wateja wapya hutuuliza sababu, nasi tumechoka kujibu mmoja mmoja huku grinda zikipiga kelele, kwa hiyo maelezo yote ni haya.

Tunazungumzia boti la faibaglasi lililofunikwa juu pote, lile la rangi ya machungwa linaloning'inia kwenye meli za mizigo na mitambo ya mafuta baharini. Zamani maboti haya yalikuwa wazi. Titanic ilipozama mwaka 1912 ilibeba maboti 20 yenye nafasi ya watu 1,178, ilhali melini mlikuwa na watu wapatao 2,200. Msiba huo ndio uliozaa mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, mwaka 1914. Kifuniko kilichelewa sana. Ni mabadiliko ya mwaka 1983, yaliyoanza kutumika Julai 1986, yaliyozitaka meli mpya za mizigo ziwe na maboti yaliyofunikwa, maana mtu aliweza kunusurika meli inapozama kisha akafa kwa baridi na mawimbi akiwa ndani ya boti lenyewe. Meli ikizeeka ikapelekwa kuvunjwa, boti lake mara nyingi halijafanya kazi hata siku moja. Limekaa juu, likashushwa kwa mazoezi, likapandishwa. Ndiyo maana yanapatikana, na ndiyo maana yanaonekana mazima.

Sasa angalia lilichojengewa. Kiti kimoja kina upana wa milimita 430. Kila abiria katika hesabu za zamani ni kilo 75. Kwenye maboti mapya ya meli za mizigo ni kilo 82.5, kwa kuwa mabaharia wamenenepa. Injini ya dizeli iweze kulisukuma kwa noti 6 (maili 6 za baharini kwa saa), na mafuta yatoshe saa 24. Milango ikifungwa na watu wakajifunga mikanda, boti likipinduka linajigeuza lenyewe. Yote hayo yanajibu swali moja: maji ya nje yasiingie, kwa muda mfupi. Nyumba inauliza kinyume chake. Maji ya ndani, ya pumzi, ya sufuria, ya taulo, yatatokaje, kila siku, kwa miaka? Tumeona maboti mengi yaliyoharibikia hapo, na hakuna hata moja lililoharibiwa na kukosa dirisha zuri.

Kazi ya kwanza ni mizani

Boti likifika tunalipima uzito. Hatulinyanyui kwa kulabu zake, zile lililoning'inia nazo melini, hata kama zinang'aa. Kulabu za maboti haya zimewahi kufyatuka na kuua watu kwenye mazoezi, kiasi kwamba SOLAS ilibadilishwa na tangu Januari 2013 zile zisizokidhi masharti mapya zikatakiwa zibadilishwe au zirekebishwe. Tunapitisha mikanda chini ya mkuku, ule uti wa chini wa boti, mbele na nyuma, na mizani inaning'inia kati yake na winchi.

Kisha tunalinganisha na uzito mtupu ulioandikwa kwenye hati zake. Tuliwahi kupokea boti lililokauka kabisa kwa macho, sakafu safi, lakini lilizidi uzito wake kwa kiasi cha watu wanne wazima. Watu hao wanne walikuwa maji, yamejificha kwenye povu.

Kati ya gamba la nje na gamba la ndani kuna povu gumu la poliurethani. Likiwa jipya halinywi maji kirahisi. Lakini kila tundu la skrubu, kila ufa kwenye kitako cha kulabu, kila bolti ya kishikio iliyolegea ni mlango, na miaka ishirini juani na mvuani ni mingi. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maji nayo ni hivyo hivyo: yaingilie mbele au nyuma, utayakuta chini. Kwa hiyo tunatoboa vitundu vidogo sehemu ya chini kabisa ya gamba la ndani na kusubiri. Yakitoka maji yenye rangi ya chai, tunajua kazi imeongezeka.

Povu lililolowa halikauki kwa kuanika boti juani, hata ukilianika msimu mzima. Inabidi lifunguliwe kutoka ndani na kuchimbwa kwa patasi. Tafadhali usilikate kwa kitu cha moto wala usilichome kwenye pipa ili kulimaliza. Moshi wa poliurethani una sianidi ndani yake. Tena lichimbwe kwa vipande: fungua eneo moja, lijaze, lizibe, ndipo uende la pili. Povu hilo si la kuelea tu, linayashika magamba mawili yawe kitu kimoja.

Hapo ndipo suala la mabenchi linapoingia. Mabenchi yale mnayoyachukia, yanayokula nafasi pande zote mbili, ndiyo taruma za boti hili. Jahazi la mbao lina taruma zake za miti. Hili mifupa yake ni ile mikunjo ya viti. Mteja mmoja aliyakata yote nyumbani kwake kabla hajaja, akaja na ganda linalobonyea kwa kiganja kama debe tupu. Tulitumia muda mrefu zaidi kurudisha ugumu ule kuliko ambao angeutumia kujenga kitanda juu ya mabenchi yaleyale. Siku hizi ushauri wetu ni mmoja: weka ubao kutoka benchi hadi benchi, umepata kitanda cha watu wawili, na chini yake ghala.

Kutoa vilivyosahaulika

Hii ni fupi lakini isirukwe. Boti lililokamilika hubeba mioto ya ishara: ya parashuti 4, ya mkononi 6, na vyungu 2 vya moshi vinavyoelea. Mara nyingi vimo bado, vimepitwa na wakati, vimekaa kwenye sanduku chini ya kiti palepale ambapo mtu anataka kupitisha msumeno. Havitupwi kwenye taka na havijaribiwi uani. Maboti ya meli za mafuta na kemikali yanaweza pia kuwa na mitungi ya hewa iliyoshindiliwa, na mabomba juu ya paa ya kulimwagia boti maji likipita kwenye moto. (Mabomba hayo yaacheni. Mteja wetu mmoja huyatumia kuosha paa, anafungua tu koki.) Vitu hivyo vyote, pamoja na betri na dizeli kuukuu, tunavitoa na kumkabidhi anayeruhusiwa kuviteketeza kabla chombo chochote cha umeme hakijawashwa.

Hewa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo sisi wenyewe tuliwahi kuchemsha.

Boti la kwanza tulilolimaliza lilikuwa zuri. Tulibandika plaiwudi nyembamba ukutani, tukaacha uwazi wa vidole viwili nyuma yake kwa kudhani hewa itapita humo, tukapiga varnishi. Miezi michache baadaye mwenye boti akapiga simu akisema godoro lina harufu. Tulipobandua ubao, nyuma yake palikuwa peusi kutoka kichwani hadi miguuni. Ukuvu. Hewa yenye joto ilipenya nyuma ya ubao, ikagusa faibaglasi baridi, ikageuka matone, na matone hayakuwa na pa kwenda.

Hesabu zake si ngumu. Mtu aliyelala hutoa takribani robo hadi nusu lita ya maji kwa pumzi na jasho kwa usiku mmoja. Kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, yakiwa mvuke. Ndani ya chumba cha kawaida mvuke huo hupotelea kwenye nyufa za milango. Boti hili halina nyufa. Lilijengwa lisiwe nazo.

Kwa hiyo siku hizi tunafanya hivi. Kinga ya joto ni mabamba ya povu lisilopitisha mvuke, yaliyogandishwa moja kwa moja kwenye faibaglasi kwa gundi iliyopakwa pote, bila uwazi, na viungio vimezibwa. Matundu ya hewa ni mawili kwa uchache, moja chini upande wa omo (mbele) na jingine juu upande wa tezi (nyuma), na hayana kifuniko cha kufunga. Wateja hubishana nasi juu ya hilo la kifuniko. Wanasema usiku wa baridi watataka kufunga. Ndiyo sababu hatukiweki. Godoro halilali juu ya benchi tupu. Chini yake kuna chaga ili hewa ipite.

Chombo cha kuleta joto kiwe kile kinachovuta hewa yake kutoka nje na kutoa moshi wake nje kwa bomba lake. Kengele ya kaboni monoksidi si mapambo, inafungwa kabla ya jiko. Mtungi wa gesi unakaa nje, kwenye sanduku lenye tundu chini linalotoa nje ya boti, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja ndani itashuka na kutulia ngamani kama maji, isipokuwa hii inangoja cheche. Kuunganisha gesi na umeme mkubwa hatumruhusu mwenye boti afanye mwenyewe. Tunamleta fundi aliyesajiliwa, na anayekataa tunamrudishia boti lake.

Haya, dirisha sasa

Boti likishakauka na likapumua, tunakata. Kwanza kitundu cha majaribio, tujue kama paa ni gamba moja au mawili yenye povu katikati. Pembe za dirisha ni za mviringo, siku zote. Pembe kali ndiyo ufa wa mwaka kesho. Kati ya dirisha na dirisha pabaki ukanda mpana usioguswa. Ukingo uliokatwa unapakwa rezini siku ileile, usilale wazi hata usiku mmoja. Kama ni polikaboneti, ile plastiki ngumu angavu, badala ya kioo, matundu ya bolti yawe makubwa kuliko bolti zenyewe, maana hutanuka juani kuliko faibaglasi na ukilibana litapasuka. Na kile kipande kilichotoka usikitupe. Kimeshapinda sawasawa na paa, kitakufaa kuwa kifuniko.

Vumbi la faibaglasi linasumbua kuliko kazi yenyewe. Karakana hii ni ya watu wengi: pembeni yako kuna anayepaka rangi meza, mwingine anashona turubai. Kwa hiyo kukata na kusugua kunafanyika siku maalumu tu, ndani ya hema letu la plastiki, kivuta vumbi kikiwa kimefungwa kwenye chombo chenyewe. Barakoa ni ya kuchuja chembe ndogo, si kitambaa. Mikono mirefu, na nguo hizo zisiende nyumbani kufuliwa pamoja na za watoto.

Wanaotaka kuishi majini

Wengi huliweka nchi kavu, na kwao habari inaishia hapo juu. Ukitaka lielee, kuna hesabu nyingine. Boti la watu 50 lilipangiwa kilo 3,750 za watu peke yao, wamekaa chini na kufungwa mikanda. Sasa ndani kuna kitanda, jiko na wewe. Litaelea juujuu na kwenda mrama kwa kila wimbi, hasa ukishapandisha paneli za sola juu ya paa na kutoa injini chini. Linahitaji farumi, yaani uzito wa chini wa kulituliza. Matangi ya maji yaliyolazwa chini karibu na mkuku husaidia, lita moja ni kilo moja, ingawa tangi lililo nusu huchezesha maji na kuzidisha tatizo, kwa hiyo tunayagawa madogomadogo.

Ukishakata dirisha, boti halijigeuzi tena likipinduka. Usilitegemee kwa hilo. Si chombo cha uokoaji tena, na halipaswi kuonekana hivyo: tunabandua tepu zinazoakisi mwanga, tunafuta maandishi ya meli, na tunashauri rangi nyingine, maana boti la machungwa linaloelea peke yake litamfanya mtu aite waokoaji. Kabla halijashuka majini lipitiwe na mkaguzi wa vyombo asiye mmoja wetu.

Siku ya kwanza, basi, dirisha liache nyumbani. Tuletee picha ya kile kibao kilichogandishwa ndani, kinachoonyesha mtengenezaji, mwezi na mwaka wa kutengenezwa na idadi ya watu. Hati zozote ulizopewa. Na picha ya ngama baada ya mvua, kifuniko kikiwa wazi na tochi imemulika hadi chini.