Mwanangu, kitabu cha pili hakikumharibu Paul

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa Jinja. Sisi sote hatujambo, na baba yako anakusalimu. Umeniandikia kwa uchungu kwamba Dune Messiah, riwaya ya Frank Herbert inayoendeleza ile ya kwanza, Dune, imekuharibia Paul, shujaa uliyempenda. Kwa kuwa nami nimeisoma hadi mwisho, nimeona nisikujibu kwa maneno mawili ya simu.

Hauko peke yako. John W. Campbell, mhariri aliyeichapisha Dune kwa sehemu katika jarida la Analog kabla haijatoka kama kitabu mwaka 1965, aliukataa mwendelezo huu kwa sababu kama yako, hata Frank Herbert akaupeleka kwa jarida la Galaxy, ukatoka mwaka 1969. Hata hivyo naona mhariri huyo alikosea, nawe pia umekosea.

Yasome tena mazungumzo ya Paul, ambaye sasa ni mfalme, na Stilgar, kiongozi wa Fremen, wale watu wa jangwani waliomfuata, kuhusu watawala wa kale. Paul anamtajia Genghis Khan na Hitler pamoja na idadi ya watu waliowaua, na Stilgar anaziona hesabu hizo kuwa ndogo. Ndipo Paul anapomwambia kwamba vita vilivyopiganwa kwa jina lake mwenyewe vimeua, kwa makadirio ya chini, watu bilioni 61. Mimi aliyenishtua zaidi ni Stilgar. Tulimjua akiwa kiongozi wa watu huru waliothamini kila tone la maji, na miaka 12 ya ushindi imetosha kumfanya asione tena uzito wa roho za watu.

Marehemu babu yako alikuwa Kampala Januari 1971, Idi Amin alipompindua Milton Obote, naye alituhadithia jinsi watu walivyomiminika barabarani wakishangilia. Hawakuwa wajinga wala waovu. Walikuwa wamechoka, wakatamani mkombozi. Hadithi ingeishia kwenye vigelegele vile, nani angejua habari za watu waliochukuliwa majumbani mwao usiku wasirudi, mpaka utawala ule ulipoanguka Aprili 1979? Herbert hakukubali kuishia kwenye vigelegele, na kwa hilo namheshimu sana.

Kasoro zipo. Wale wala njama wanaotaka kumwangusha Paul wanaongea mno, tena kwa mafumbo, na vita vyenyewe tunavisikia kwa masimulizi tu. Laiti tungepata wengi zaidi kama Farok, yule askari mkongwe aliyekwenda vitani kwa hamu ya kuiona bahari, na ambaye sasa ana mwana kipofu nyumbani.

Kuhusu mwisho, unasema Paul alikimbia. Sheria ya Fremen inamtaka kipofu aachwe jangwani, na yeye alipokuwa amepofuka, mfalme ambaye hakuna angethubutu kumgusa, aliitii kama mtu yeyote wa kawaida. Hapo ndipo alipokataa kuabudiwa, ingawa mimi kama mzazi siwezi kumsamehe kwa kuwaacha pacha wake wale wachanga ambao mama yao, Chani, alikuwa amefariki akiwazaa.

Habari za pacha hao zinaendelea katika kitabu cha tatu, kilichotoka mwaka 1976, nami sijakipata hapa. Ukikikuta kwa wauza vitabu vya mitumba huko Kampala, nitumie kwa mtu yeyote anayekuja Jinja, na uniandikie kwa urefu kama bado unabishana nami kuhusu Stilgar.

Mama yako akupendaye